Kiangazi cha Ufaransa: Uhakiki wa Tafsiri za Utabiri wa Joto

Miongoni mwa maandishi yanayotafsiriwa kwa Kiswahili kila siku bila ya kupata mhakiki, taarifa za utabiri wa hali ya hewa wa nchi za ng'ambo zimo katika safu ya mbele. Riwaya ikifasiriwa ovyo, wahakiki huandika; mkataba ukifasiriwa ovyo, mawakili hushtakiana; lakini taarifa ya joto la Ulaya husomwa kwa dakika moja, hufuatwa na matokeo ya kandanda, na hapana aulizaye kama maneno yaliyosomwa yalikuwa na maana.

Yafaa tuulize, kwa sababu wasikilizaji wa taarifa hizo si watu wa Tanga na Bujumbura tu, wanaozipokea kama habari za mbali. Wamo pia Waswahili waishio Marseille, Paris, Brussels na London, na baadhi yao hawaijui vema lugha ya mji wanaoishi. Mama mtu mzima aliyemfuata mwanawe Ufaransa huonywa kwa Kiswahili au haonywi kabisa. Aghalabu anayempigia simu kumwambia akae ndani ni ndugu yake wa nyumbani, aliyeisikia habari redioni. Ikiwa maneno ya habari ile yamepinda, onyo nalo hufika limepinda.

Nitachukua mfano wa joto la mwisho wa Juni 2019 nchini Ufaransa, kwa kuwa tarakimu zake zimethibitishwa na kwa kuwa lilikuja mapema katika msimu. Hewa ya moto ilitoka Sahara ikapanda kaskazini. Ijumaa tarehe 28 Juni, kituo cha Vérargues katika mkoa wa Hérault kilipima nyuzi 46.0 za Selsiasi, kipimo cha juu kuliko vyote vilivyopata kuandikwa katika nchi hiyo. Kilichotangulia kilikuwa nyuzi 44.1, cha Agosti 2003. Siku hiyo ndiyo ya kwanza Idara ya Hali ya Hewa ya Ufaransa kutumia daraja nyekundu ya onyo la joto tangu mpango wa maonyo hayo uanzishwe mwaka 2004. Mpango wenyewe ulizaliwa na msiba, kwani joto la Agosti 2003 liliandamana na vifo vya ziada vipatavyo 15,000 nchini humo. Mwaka 2019 serikali ilihesabu vifo vya ziada 567 katika joto la Juni na 868 katika joto la Julai. Mtihani wa taifa wa wanafunzi wa sekondari ya chini uliokuwa ufanyike tarehe 27 na 28 Juni uliahirishwa hadi tarehe 1 na 2 Julai.

Sasa tuitazame taarifa yenyewe kwa Kiswahili. Maneno yafuatayo nimeyatunga mwenyewe ili nisimwonee mfasiri yeyote, lakini hakuna kosa ndani yake ambalo msikilizaji wa kawaida hajapata kulisikia:

"Mapema kiangazi hiki wimbi la joto litaikumba Ufaransa. Joto litapanda kwa nyuzi 40 katika idara nne za kusini, na kutakuwa na usiku wa kitropiki. Wananchi wanashauriwa kukaa ndani hadi jioni."

Sarufi ya sentensi hizi ni safi. Mwalimu wa darasa angeweza kuzipa alama zote. Walakini karibu kila neno la maana lililomo linampeleka msikilizaji kusiko.

Tuanze na kiangazi, kwani ndilo kosa mama. Kamusi zetu za lugha mbili zimezoea kuyapanga majira manne ya Ulaya mbele ya majina yetu manne, kama kwamba kila upande una chake: kiangazi kikakabidhiwa msimu wa joto wa Ulaya, kipupwe kikapewa msimu wa baridi, masika ikapewa msimu wa kuchipua majani, na vuli ikapewa msimu wa kupukutika kwake. Mpango huu unapendeza machoni, na watoto wetu wameukariri shuleni kwa miaka mingi. Lakini majina yetu hayakutokana na joto na baridi. Yalitokana na mvua na pepo. Masika ni mvua za Machi hadi Mei. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Kiangazi ni wakati usio na mvua, na katika sehemu kubwa ya bara wakati huo huanza Mei au Juni, yaani katika miezi ya baridi ya mwaka wetu. Mkulima wa Dodoma asemapo kiangazi anawaza vumbi, majani makavu na anga jeupe; wala hawazi joto la kuua. Na mtu wa Makete, ambako jalidi huonekana asubuhi za Juni na Julai, akiambiwa kwamba Ufaransa imo katika kiangazi, ana haki ya kudhani kwamba Wafaransa wamejifunika mablanketi.

Tena kiangazi kinadanganya mara ya pili. Neno hilo linaahidi ukame, ilhali nchi nyingi za Ulaya hupata mvua katika miezi hiyohiyo, na mara nyingi joto la Juni hukatwa na ngurumo na mvua ya mawe. Msikilizaji aliyeambiwa kiangazi, kisha akasikia mafuriko siku ya tatu, ataona ajabu, na kosa si lake.

Kipupwe nacho kimeonewa vivyo hivyo. Kwa watu wa pwani kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, wakati wa kusi. Basi kipupwe cha Unguja na msimu wa joto wa Paris huenda pamoja. Mfasiri aandikapo kwamba Paris ina kipupwe mwezi Januari, anachukua jina la Julai yetu kulibandika mwezi ambao pwani yetu inaungua kwa kaskazi. Ajabu ni kwamba jina hilo lingefaa zaidi kwa Afrika Kusini, ambako msimu wa baridi huangukia Juni kama kwetu. Lakini wapangaji wa kamusi hawakuuliza nchi iko upande gani wa ikweta.

Rai yangu ni kwamba istilahi ya majira ya joto, ambayo baadhi ya waandishi wanaitumia tayari, ishike nafasi hiyo peke yake, na kiangazi kiachwe nyumbani kwake. Wapo wanaosema kwamba majira ya joto ni maelezo wala si neno. Hoja hii imewahi kuua istilahi nyingi nzuri. Neno moja linalopotosha halina heri kuliko maneno matatu yanayoeleza, na isitoshe watu wa Dar es Salaam wasemapo kipindi cha joto kwa maana ya Desemba hadi Februari, wanatumia utaratibu huohuo wa kuunda jina bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Pepo zenyewe hazina budi kuangaliwa. Kwa Mswahili wa pwani, kaskazi huleta joto na kusi huleta ubaridi, na majina ya pande za kaskazini na kusini yamefungamana na pepo hizo. Ufaransa mambo yako kinyume: joto la 2019 lilitoka kusini, na upepo wa kaskazini ushukao bonde la mto Rhône kuelekea Marseille ni wa baridi. Mfasiri akiandika "upepo wa kaskazi" mahali pa "upepo utokao kaskazini", kwa silabi moja tu iliyodondoka amegeuza baridi kuwa joto.

Neno mapema katika mfano wetu ni mtego mwingine. Lina maana mbili ambazo lugha ya utabiri haiwezi kuzichanganya. Joto laweza kuja mwanzoni mwa majira yake, nalo laweza kuja kabla ya majira yake. La kwanza ni joto la mwanzo wa majira. La pili ni joto lililowahi majira. Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Joto la Juni huwa na hatari ambayo joto la nyuzi zilezile mwezi Agosti halina, kwa kuwa miili ya watu haijazoea, shule bado zimefunguliwa, na maji ya mito na maziwa bado ni ya baridi kali, hata mtu anayejitosa kutafuta nafuu hushikwa na mshtuko akazama. Taarifa isemayo tu "mapema kiangazi hiki" haikumweleza msikilizaji lolote kati ya hayo.

Wafaransa wenyewe wametupa somo katika jambo hili. Neno lao la joto kali, canicule, limetokana na jina la Kilatini la nyota ya Mbwa, kwa maana ya mbwa mdogo, ambayo zamani iliaminiwa kwamba kuchomoza kwake pamoja na jua katika Julai na Agosti ndiko kuletako joto. Lilikuwa jina la kalenda, kama vile wakulima wetu walivyohesabu majira kwa kukitazama Kilimia. Leo canicule haifuati nyota tena. Baada ya msiba wa 2003 limekuwa jina la kipimo: kila mkoa una kiwango chake cha usiku na cha mchana, hupigiwa wastani wa siku tatu, na kiwango kikifikiwa onyo hutolewa, iwe ni Agosti au Juni. Kwa Paris kiwango ni nyuzi 21 usiku na 31 mchana. Kwa Lille ni 18 na 33. Kwa Toulouse ni 21 na 36. Nyota imeachwa na neno limebaki.

Hapa ndipo wimbi la joto linapopaswa kupimwa. Istilahi hii ni ya mkopo wa tafsiri, na si ya kupendeza sana. Mtu wa pwani ajua kwamba wimbi huja likarudi, ilhali joto lililoua watu Ufaransa ni lile lililokuja likakaa. Hata hivyo silikatai, kwa kuwa limekwisha enea na watu wamelizoea. Ninalolikataa ni kulitumia kwa kila joto. Siku mbili za jua zuri London zikiitwa wimbi la joto, siku wimbi lenyewe likija hatutakuwa na neno la kuliita. Uingereza imejiwekea mipaka tangu 2019: joto haliitwi wimbi mpaka kiwango cha mchana kifikie kipimo cha wilaya kwa siku 3 mfululizo, na vipimo hivyo ni kati ya nyuzi 25 na 28 kwa kutegemea mahali. Kinachopungua hapo ni ujoto wa kawaida ya msimu kupita kiasi, usiofikia hatari. Kwa huo napendekeza mfululizo wa joto, kwa sababu unataja kile hasa kinachohesabiwa, yaani siku zinazofuatana. Wataalamu wa tabianchi wana kipimo chao cha jambo hili, nacho hakianzi kuhesabu mpaka siku 6 zifuatane zikiwa na joto la mchana lisilo la kawaida kwa tarehe hizo. Mfululizo waweza kutokea hata Januari. Wimbi lina msimu wake. Sikuchagua kipindi cha joto, kwa kuwa, kama nilivyokwisha taja, watu wa Dar es Salaam wamekipa kazi nyingine.

Msomaji atauliza ni kwa nini nyuzi 28 zihesabiwe hatari London hali Dar es Salaam ni siku ya kawaida. Ndiyo maana tarakimu tupu haitoshi katika tafsiri. Nyumba za kule zimejengwa kuhifadhi joto, na miili ya wenyeji imezoea mengine. Msomaji wa redio anayetangaza nyuzi 31 za Paris kwa sauti ya tanzia atachekwa Tanga, asipoongeza maneno manne: kwa kipimo cha Paris.

Kuhusu "litapanda kwa nyuzi 40" sitakawia. Kupanda kwa nyuzi 40 ni kuongezeka nyuzi 40 juu ya zilizokuwepo, jambo ambalo likitokea hapatakuwa na msikilizaji. Ni hadi, si kwa. Kosa hili husikika kila mwaka, na hutokea pia kinyume chake, pale joto lililozidi wastani kwa nyuzi 10 linapotangazwa kuwa limefika nyuzi 10. Wala "idara" haihitaji maneno mengi: migawanyo ya nchi ya Ufaransa si idara za serikali, ni mikoa, na juu yake kuna kanda. Kitenzi kukumba nacho kingepumzishwa. Katika habari zetu kila kitu hukumba, toka njaa hadi uhaba wa sukari.

Usiku wa kitropiki unahitaji kusimamishwa kidogo, maana umechekesha wengi. Wataalamu wa Ulaya huuita hivyo usiku ambao joto halishuki chini ya nyuzi 20. Kwa kipimo hicho mtu wa Dar es Salaam hulala usiku wa kitropiki sehemu kubwa ya mwaka, na hakuna aliyewahi kumtolea onyo. Neno la Ulaya limetutumia sisi kama mfano wa taabu, kisha tumelirudisha kwetu bila ya kuligeuza. Kinachotishia kule ni kwamba kuta zilizochomwa mchana hazipati nafasi ya kutoa moto wake, na mzee aliyelala ghorofani hapati saa za kupumzisha moyo. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hili, nacho ni kupoa. Usiku usiopoa ni istilahi ambayo bibi wa miaka themanini ataielewa bila ya kamusi. Tena tunalo neno fukuto, la joto lililofungwa lisilo na upepo, ambalo wafasiri wetu wamelisahau kabisa huku wakirudia "joto kali" mara nne katika aya moja.

Nimelibakiza neno jioni, ambalo kwa sura yake halina hatia, na kwa maoni yangu ndilo la hatari kuliko yote. Jioni kwetu ni wakati wa jua kuelekea kuzama, na jua letu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, huzama karibu na saa 12 na nusu mwaka mzima. Saa zetu zenyewe tumezihesabu kwa jua hilo. Ukimwambia Mswahili akae ndani hadi jioni, atatoka saa 10 au saa 11, atembee kwa kuwa jua limepoa. Lakini Montpellier, mwishoni mwa Juni, jua huzama baada ya saa 3 na nusu usiku kwa hesabu yetu, na joto la juu kabisa la siku hufikiwa kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Basi shauri la kukaa ndani hadi jioni, kwa Kiswahili, ni shauri la kumtoa mtu nje katika saa mbaya kuliko zote. Kifaransa hakikusema hivyo, wala mfasiri hakukusudia hivyo. Amefasiri neno sawasawa, na jua la nchi mbili tofauti limefanya yaliyobaki. Dawa yake ni kutaja saa na kutaja jua kwa pamoja, hata kama sentensi itasikika ngeni. Sentensi isemayo kwamba jua litazama saa 3 na nusu usiku ni ngeni kweli, na ugeni huo ndio unaomzindua msikilizaji.

Jambo moja mfasiri hana haja ya kulihangaikia, nalo ni daraja za onyo. Ufaransa hutumia rangi nne, kijani, njano, chungwa na nyekundu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina daraja nne vilevile kwa rangi hizohizo, na imezipa majina ya Kiswahili kisafi: hakuna tahadhari, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kazi imekwisha fanywa, tena imefanywa vizuri, kwa kuwa majina hayo yanapanda ngazi kwa masikio hata kwa asiyeona rangi. Ni jambo la kusikitisha kuwasikia watangazaji wakisema "hali nyekundu" au "kengele nyekundu", ilhali wenzao wa jengo la jirani wanasoma "tahadhari kubwa" kila kimbunga kinapokaribia Mtwara. Mamlaka hiyo imefanya kazi kama hiyo katika mvua pia: isemapo mvua za wastani, inakusudia asilimia 75 hadi 125 ya kiasi cha miaka mingi, si mvua za hivihivi. Neno wastani limewekewa uzio. Wimbi la joto halijawekewa.

Kwa hiyo taarifa tuliyoanza nayo ningeiandika hivi:

"Tahadhari kubwa ya joto imetolewa kwa siku ya Ijumaa tarehe 28 Juni katika mikoa minne ya kusini mwa Ufaransa: Hérault, Gard, Vaucluse na Bouches-du-Rhône. Wimbi hili la joto limekuja mwanzoni mwa majira ya joto, kabla watu hawajalizoea. Joto la mchana litapanda kupita nyuzi 40, na usiku hautapoa. Joto litazidi kati ya saa 10 na saa 12 jioni, na jua halitazama mpaka saa 3 na nusu usiku. Watu wakae ndani hadi jua lizame, wanywe maji mara kwa mara, na wawatazame wazee wanaoishi peke yao. Maji ya mito bado ni ya baridi, wasijitose ghafla."

Imekuwa ndefu karibu mara tatu, na mhariri wa habari atalalamika. Akate matokeo ya kandanda. Neno nyuzi nimeliacha kama lilivyo, ingawa najua kwamba vitabu vya sayansi vya shule za msingi nchini Tanzania vimezoea jotoridi kwa kile kinachopimwa, na kwamba waandishi wengi wa Kenya hupendelea halijoto. Mzozo wa maneno hayo mawili wataka makala peke yake. Majina ya mikoa pia nimeyaacha katika maandishi yake ya Kifaransa, ila msomaji wa redio aelezwe kabla ya kuingia studio kwamba Hérault hutamkwa Ero, na kwamba herufi ya mwisho ya Gard haisikiki.